Mpira uliokatika chini ya gari: kabla hujauziba, ufuate

Swali: Shikamoo mama fundi. Nina gari dogo la mizigo la dizeli, lile la kuvuta magurudumu yote manne. Juzi nilipita njia ya visiki na madimbwi, maji yakafika katikati ya rimu. Niliporudi nikainama kutazama chini, nikakuta mpira mweusi unaning'inia jirani na difu ya nyuma, lile tumbo la gia katikati ya ekseli. Unene wake ni kama kidole cha mwisho, na ncha imechanika kama iliyotafunwa. Haudondoshi mafuta wala maji, na nimeunusa sikusikia kitu. Gari linatembea kama kawaida, breki zinashika, hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza kanikataza kulisogeza hata hatua moja, anasema huo ni mpira wa breki. Wa pili kacheka, kasema hauna kazi, akataka aukunje aufunge kwa waya yaishe. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao, ingawa ningelazimishwa kuchagua ningemchagua wa kwanza. Kosa lake lingekulazia gari siku mbili tatu bila sababu. Kosa la wa pili lingekula breki zako za nyuma, tena polepole, wewe mwenyewe hujui.

Tuanze na breki kwa kuwa ndiyo hofu yako. Mpira wa breki za mafuta haukatiki kimyakimya. Ukichanika, pedali inazama, mafuta yanamwagika, kopo la mafuta ya breki linashuka na taa inawaka. Umbo lake pia ni jingine: ni mfupi, mgumu, una ukuta mnene, na ncha zote mbili zimebanwa na vyuma vyenye nyuzi vinavyokazwa kwa spana. Hauchomekwi kwenye kichuchu ukashikwa na kibanio. Huo wako umekatika, mkavu, na breki ziko imara. Si wa breki.

Ninavyokisia kutoka hapa nilipo, huo ni mpira wa kupumulia wa difu. Watu wengi hawajui kwamba difu inapumua. Gari likitembea gia zinasuguana, mafuta yanapata moto, na hewa iliyomo ndani inapanuka. Isipopata pa kutokea, itayasukuma mafuta yapite kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke, kwa kuwa sili ndiyo mahali pepesi kuliko kwingine kote. Kisha uingie dimbwini difu ikiwa ya moto: inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Pua yake ikiwa chini ya maji, inavuta maji. Ndiyo maana kwenye magari ya njia mbovu pua hiyo huwekewa mpira na kupandishwa hadi kwenye chasisi au juu zaidi, pasipofikiwa na dimbwi.

Habari ya kuziba naijua kwa sababu niliwahi kuziba. Nilikuwa bado nampokeza baba spana. Ililetwa lori ambayo difu yake ilikuwa inatoka jasho la mafuta hapo hapo kwenye kichuchu cha kupumulia. Nikaona huo ni uvujaji, na uvujaji unazibwa. Nikachomoa mpira, nikapachika kipande kifupi chenye boliti ndani yake, nikabana kwa kibanio, nikapangusa mpaka pakang'aa. Nilijisifu kimoyomoyo. Wiki chache baadaye lori lilirudi, dereva ameshuka mteremko kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Tulipofungua dramu ya kushoto, viatu vya breki vilikuwa vimelowa mafuta ya difu, vyeusi, vinanuka kama kiberiti, maana mafuta ya gia yana salfa. Sili ilikuwa imesalimu amri. Baba akaenda moja kwa moja kwenye kichuchu, akalegeza kibanio, na hewa ikatoka *pshii* kama ya tairi. Hakunigombeza. Aliiweka ile boliti kiganjani mwangu, bado ya moto, akaendelea na kazi. Ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari.

Sasa, mimi sijalala chini ya gari lako, kwa hiyo hakikisha kabla ya kukata chochote. Egesha mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, subiri eksozi ipoe. Ukiinua gari, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, haikutengenezwa kulinda kifua cha mtu. Chukua tochi, kitambaa, chaki, na kipande cha boksi cha kulalia.

Mpira uliokatika una ncha mbili zilizopoteana, na wewe unayoiona ni moja. Anzia kazi kwenye upande uliobaki mzima: ushike, uufuate kwa vidole mpaka mwisho wake, na weka alama ya chaki kila unapopita kwenye kishikizo. Ukikuta unapanda na kuishia ndani ya fremu ya chasisi, au nyuma ya taa, au kwenye chumba cha injini, na mwisho wake una kikofia kidogo kisichounganishwa na kitu, ushahidi wa kwanza huo. Kisha tafuta ncha ya pili. Panda na tochi juu ya ekseli. Utaona kichuchu cha chuma kimesimama, pengine na kipande cha mpira urefu wa kucha kimebaki juu yake. Linganisha mchaniko na mchaniko. Kama kimetoka chote, angalia vumbi: mpira uliokaa miaka mahali pamoja huacha mstari safi kwenye tope lililokauka, na kishikizo kilichoachwa wazi. Vumbi halidanganyi, mafundi ndio wanaodanganya.

Vipo vinavyofanana navyo. Giaboksi na ile giaboksi ndogo ya kugawa nguvu za magurudumu manne navyo vinapumua, na kwenye magari mengine mipira yote hiyo huungana kwenye kiungo cha T na kupanda pamoja. Tangi la mafuta lina mpira wake wa hewa unaoelekea kwenye shingo ya kujazia, ila huo hunuka dizeli ukiukaribisha puani. Baadhi ya magari yana mipira myembamba inayopeleka mvuto wa hewa kwenye ekseli ya mbele ili kufungia magurudumu. Wa aina hiyo ungekuwa mbele, na ukikatika gari linagoma kuingia magurudumu manne. Na usicheke, nimeshaletewa “mpira” uliokuwa waya wa kihisio cha gurudumu, umevaa ganda jeusi la plastiki. Itazame ncha iliyochanika kwa karibu. Ukiona shaba inametameta, hiyo si kazi ya mpira, ni ya fundi umeme.

Ukishathibitisha, matengenezo yenyewe ni mepesi kuliko maneno yote haya. Kata ncha iliyochanika kwa kisu kikali, mkato wa wima, usio na nyuzi. Kupata kipenyo cha ndani, tumia vichwa vya drili: ingiza upande ule laini wa mkia, kimoja baada ya kingine, mpaka upate kinachoingia kwa kubana bila kulazimishwa. Namba iliyoandikwa juu yake ndiyo kipimo chako. Nunua mpira unaostahimili mafuta, wa aina inayotumika kwenye njia za dizeli. Mpira wa kumwagilia maua usiuguse. Mvuke wa mafuta na joto vitaulainisha, utajikunja wenyewe, na tutarudi kule kule kwenye boliti yangu.

Kama kilichokatika ni kipande kidogo, unaweza kuunga kwa kiungo cha shaba chenye meno na vibanio viwili. Kwenye mpira wa kupumulia nakubali kuunga, kwa sababu hakuna shinikizo la kuogopa. Lakini mpira ukiwa na nyufa ukiukunja, toa wote. Kabla ya kuvisha, safisha kichuchu. Chokoa tope kwa waya mwembamba, na kama kina kikofia cha juu, kizungushe, kinapaswa kucheza. Ule mwisho wa juu nao upulize kwa mdomo kupitia kipande kisafi cha mpira. Pumzi inapaswa kupita. Mara nyingi namkuta mtu amebadilisha mpira mzima na huku kikofia cha juu kimezibwa na nyigu.

Jambo ambalo wengi hukosea ni urefu. Ekseli inashuka na kupanda, chasisi haishuki. Ukipima mpira gari likiwa limekaa chini, utakuja kukatika siku gurudumu linapoingia shimoni. Inua gari kwa chasisi mpaka ekseli ining'inie, hapo ndipo upime, na uongeze ulegevu kidogo. Ulegevu huo usitengeneze tumbo linaloning'inia, maana mafuta na maji yatatuama humo na kuziba njia. Pitisha mbali na eksozi na propela shafti, funga kwa kamba za plastiki kwenye vishikizo vya zamani, na kamba zishike bila kuunyonga mpira.

Halafu kuna lile dimbwi. Maji yalifika katikati ya rimu na mpira ulikuwa umekatika, kwa hiyo sitakuruhusu uende bila kuyaona mafuta ya difu. Liache gari lilale usiku kucha. Asubuhi, legeza kwanza nati ya kujazia, ile ya juu ubavuni. Ya kwanza iwe hiyo, kwa sababu nimeona watu wamemwaga mafuta yote kisha nati ya juu ikagoma kufunguka, na gari likabaki kavu pale pale. Chovya kidole. Mafuta mazuri yana rangi ya kahawia au nyeusi inayopitisha mwanga kidogo ukiyapaka kwenye ukucha. Yakiwa yamegeuka rangi ya maziwa machafu, maji yameingia. Wakati mwingine hayajachanganyika bado: legeza nati ya chini kidogo tu, na matone ya kwanza yatatoka maji matupu, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta na usiku yametuama. Kwa vyovyote vile, mwaga yote, jaza mapya ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa difu nyingi za namna hiyo ni 80W-90 au 85W-140 za GL-5, ila difu zenye kifunga-mtelezo, kile kinachozuia gurudumu moja lisizunguke bure, huhitaji mafuta yao maalumu. Tembea siku chache, angalia tena. Yakigeuka tena, badilisha mara ya pili.

---

Swali: Fundi, mimi ni dereva wa lori la tela. Mpira mmoja karibu na ekseli ya tela unatoa sauti ya upepo, lakini si wakati wote. Utingo wangu ameuzungushia tyubu ya baiskeli akaikaza vizuri, sauti imepungua sana. Tunaweza kwenda hivyo mpaka tupate mpira mpya?

Jibu: Hapana. Msifu utingo kwa mkono wake mzuri, kisha fungua hiyo tyubu.

Umeniambia neno moja la maana, “si wakati wote”. Hapo ndipo mpira unapojitambulisha. Weka kabari kwenye magurudumu, jaza upepo mpaka mwisho, zima injini, sikiliza. Ukilia pale tu mguu unapokanyaga pedali, huo ni wa breki ya mguu. Ukilia ukiachia breki ya mkono na kunyamaza ukiivuta, huo ndio unaopeleka upepo kwenye springi za breki za kuegeshea. Ukilia saa zote, ni njia inayolisha tangi au tangi lenyewe. Na kwa ule wa pedali, hakikisha kweli ni mpira unaolia. Wakati mwingine ni kitambaa cha ndani ya chemba ya breki, lile kopo linalogeuza upepo kuwa nguvu ya breki, kimepasuka, na upepo unatokea kwenye matundu ya chemba. Maji ya sabuni yatakuonyesha: palipo na tundu panatoa mapovu.

Tyubu naikataa kwa sababu gani? Upepo wa breki za lori unafanya kazi kwenye bar 7 hadi 8 hivi, na mengine hufika 10. Mpira huo una tabaka la ndani, kitambaa katikati, na ganda la nje. Sauti unayoisikia ni upepo uliokwishapita tabaka la ndani na kitambaa. Kamba ya nje inazuia sauti, haiurudishii mpira nguvu. Siku utakayokanyaga pedali mpaka chini ndiyo siku upepo mwingi utapita hapo kwa mpigo, na hiyo siku huwa si ya kawaida.

Ukitaka kujua umepoteza kiasi gani, kipo kipimo ambacho madereva wa malori Marekani hufanyiwa kwenye mtihani wa leseni: injini imezimwa, breki zimeachiwa, lori na tela pamoja zisipoteze zaidi ya psi 3 kwa dakika moja (psi ni kipimo kingine cha shinikizo, kidogo kuliko bar), na ukikanyaga pedali ukaishikilia, zisizidi psi 4 kwa dakika baada ya ule mshuko wa kwanza. Mimi nakitumia hata pale ambapo hakuna sheria inayonidai.

Mpira wa raba haungwi. Unatolewa mzima, unapelekwa kama sampuli, na mpya wake unabanwa ncha kwa mashine, urefu ule ule. Ukishaufunga, hakikisha haujajipinda. Baadhi ya mipira ya breki ina mistari miwili iliyochorwa kila upande, imewekwa kwa kazi hiyo: mstari ukizunguka kama kamba iliyosokotwa, legeza, nyoosha, kaza upya. Ile mirija ya nailoni ni habari nyingine, hiyo unaweza kuikata na kuiunga kwa kiungo kilichotengenezwa kwa breki za upepo. Ila ikate kwa kikatio, mkato wa wima. Koleo linaiponda, inakuwa yai, na kiungo hakishiki.

Kabla ya kufungua chochote, mwaga upepo wa matangi yote mpaka geji isome sifuri. Mpira wenye upepo ukifunguka unachapa kama nyoka. Na upepo ukiisha, springi za breki za mkono zinajifunga zenyewe, kwa hiyo usishangae tela likigoma kusogea. Ile chemba yenye springi, bendi yake kubwa ya katikati usiifungue kamwe. Ndani kuna springi iliyokandamizwa kwa nguvu ya kuzuia lori zima, na imeshaua watu. Ukiwa njiani na huna mpira, simama, weka kabari na vizuizi vya barabarani, mtume mtu akalete. Nimesema hapana mwanzoni na narudia.

---

Swali: Mama fundi, kuna mipira mitatu minne imelala pamoja kando ya chasisi ya lori langu la kumwaga mchanga. Mmoja umelowa na vumbi limeganda juu yake, lakini sijui ni upi na wa kitu gani. Mwenzangu kaniambia niwashe injini nipapase kwa mkono mpaka nihisi tundu. Ni njia nzuri?

Jibu: Huyo mwenzako bado ana vidole vyote? Mwambie ashukuru.

Mipira ya kunyanyulia bodi ya lori la mchanga hubeba mafuta kwa shinikizo la bar 150, 200, hata zaidi, na ule wa usukani hupita bar 100. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatoa uzi wa mafuta usioonekana, na uzi huo unapenya glovu na ngozi. Mtu huhisi kama amechomwa na mwiba tu. Anapangusa, anaendelea. Saa chache baadaye mkono umevimba, na ndani nyama inaoza. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri maumivu, na uwaambie waziwazi kwamba mafuta yameingia chini ya ngozi kwa shinikizo, ili wasikupe dawa ya kidonda wakakurudisha nyumbani. Kutafuta tundu tumia kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu. Kipitishe taratibu, pale kitakapolowa ndipo.

Lakini kwa hali yako huhitaji hata kuwasha injini. Zima, bodi iwe chini, acha vipoe, osha mipira yote kwa maji ya sabuni na uikaushe. Tandika karatasi nyeupe chini yake, itue usiku kucha. Asubuhi utakuwa na doa la kusoma. Chukua tone, litie kwenye glasi ya maji safi, utazame kwa jicho. Likielea na kutanda, ni mafuta ya aina yoyote au dizeli, na pua itakuambia ni lipi kati ya hayo. Likiyeyuka na kupotea, ni maji ya rejeta au mafuta ya breki na klachi. Maji ya rejeta huwa na rangi ya kijani, waridi au machungwa na harufu ya utamu, lakini usiyaonje, ni sumu. Mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza mno vidoleni, na yakidondokea rangi ya gari yanaitafuna. Mafuta mekundu mara nyingi ni ya usukani au giaboksi ya otomatiki. Na kama huoni doa ila unga mweupe uliokauka kama chumvi kwenye maungio, hiyo ni AdBlue, maji ya kusafishia moshi wa eksozi, kwa malori yanayoitumia.

Ukishajua ni wa kitu gani, soma mwili wa mpira wenyewe. Pangusa, washa tochi ukiilaza ubavuni ili maandishi yaote kivuli, au paka chaki juu ya herufi. SAE ni chama cha wahandisi kinachoweka viwango, na namba inayofuata ndiyo kiwango chenyewe. SAE J1401 ni wa breki za mafuta. J1402 ni wa breki za upepo, na J844 ni mirija ya nailoni ya upepo. J30 ni wa mafuta ya injini, dizeli na petroli. J20 ni wa maji ya rejeta. J188 ni wa usukani upande wa shinikizo, J189 upande wa kurudi. Ukikuta 100R1 au 100R2 umefika kwenye haidroliki: ya kwanza ina tabaka moja la wavu wa chuma ndani, ya pili mawili. Mpe muuzaji maandishi hayo, usimpe maneno kama “mpira mweusi mnene”.

Matengenezo yanafuata shinikizo. Mpira wa maji ya rejeta ukikatika karibu na ncha, na urefu ukiruhusu, kata kipande kibovu, rudisha, bana. Ule wa dizeli inayorudi tangini unaungika kwa mpira wa J30 na vibanio visivyo na meno ya kukata. Wa haidroliki na wa usukani wa shinikizo ni kwenda kubanwa ncha kwa mashine, hakuna njia ya mkato. Kibanio cha bisibisi kwenye bar 150 ni mapambo.

Mmoja tu nauweka pembeni kwa sababu unawapotosha wengi: mpira wa kuvuta dizeli kutoka tangini. Ukipasuka, injini ikiwa inafanya kazi hauvuji nje, maana pampu inavuta. Unaingiza hewa ndani. Nje mkavu kabisa, na lori linasumbua kuwaka asubuhi au linazimika likipanda mlima. Ukiwa na malalamiko hayo pia, weka kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na chujio, washa, tazama. Mapovu yakipita, umepata wa pili.

---

Swali: Kuna mpira mwembamba mbele, chini ya miguu ya abiria, unadondosha maji safi. Umekatika nusu. Je, rejeta imetoboka?

Jibu: Hudondosha kiyoyozi kikiwa kimewashwa tu, siyo? Hayo ni maji ya kiyoyozi, unyevu wa hewa uliogandia kwenye baridi. Acha yadondoke. Ila kama umekatika juu sana, maji yatarudi chini ya zulia, na utayajua kwa harufu ya uvundo. Vuta kipande kipya, kielekee chini, kisiguse eksozi.